Kumbi, Darasa na Kipaimara: Nani Awafundishe Vijana Habari za Mwili na Mahusiano?

Kuna swali ambalo huulizwa karibu kila mwaka katika vikao vya wazazi wa vijana wa kipaimara, kwenye sharika zetu za ukanda wa Barabara ya Morogoro, tangu Ubungo hadi Kimara na Mbezi. Mzazi mmoja husimama na kusema kwamba shuleni watoto wanafundishwa mambo ya kujamiiana mapema mno, na kwamba Kanisa lipaze sauti. Mwingine husimama baada yake na kusema kinyume: shuleni hawafundishwi kitu cha maana, na ndiyo sababu binti wa jirani ameacha masomo akiwa kidato cha pili. Kisha wote wawili humgeukia mchungaji.

Kabla hatujamjibu yeyote kati yao, yafaa turudi nyuma kidogo. Swali hili si geni katika nchi hii. Liliulizwa kabla ya shule ya kwanza kujengwa, likaulizwa tena wamisionari walipofika, likaulizwa baada ya Uhuru, na likaulizwa kwa machozi wakati wa UKIMWI. Historia yake inatufundisha jambo moja: hakuna kizazi cha vijana ambacho hakikufundishwa habari za mwili, mapenzi na ndoa. Kilichobadilika ni nani aliyefundisha, alifundisha lini, na alitumia maneno gani.

Kumbini na unyagoni

Leo Kimara inajulikana kwa kituo cha mwendokasi, vilima vilivyojaa nyumba, na msongamano wa asubuhi. Lakini ardhi hii ni sehemu ya Uzaramo, na Wazaramo walikuwa na shule yao ya maisha miaka mingi kabla ya ubao na chaki. Mvulana alipelekwa jandoni. Alikaa kumbini, mbali na mama yake, hadi kidonda kipone, na siku hizo zote alifundishwa na wanaume waliomtangulia jinsi mwanamume anavyopaswa kuishi. Msichana alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali. Zamani mwali aliweza kukaa ndani kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Alifundishwa na kungwi, akachezwa ngoma, akapelekwa chini ya mti wa mkole, ambao kwa Wazaramo ni mti wa uzazi, na mwishowe akatolewa nje mbele ya watu wote akiwa mtu mzima.

Mambo haya tunayajua kwa undani kwa sehemu kwa sababu ya Mlutheri mmoja. Marja-Liisa Swantz, mama kutoka Finland, alikuja Tanganyika mwaka 1952 kufundisha walimu wa kike Ashira, Marangu. Katika miaka ya 1960 alikaa Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, akiishi karibu na wanawake wa Kizaramo. Kitabu chake kuhusu mila na alama za Wazaramo kilitoka mwaka 1970. Wakati huo tayari aliona mwali akiwekwa ndani kwa muda mfupi kuliko zamani, kwa sababu shule ilikuwa imeanza kudai siku zake.

Tusiyapambe mambo ya kale kupita kiasi. Katika baadhi ya makabila ya nchi hii mabinti waliumizwa kwa ukeketaji, na sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana imeufanya ukeketaji wa mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa jinai. Mwali wengi walitoka ndani na kuolewa wakiwa bado watoto. Mengi ya mafunzo yalimwelekeza mke kumridhisha mume kuliko kumlinda yeye mwenyewe. Mkristo hawezi kuyarudisha yote hayo.

Hata hivyo, tuangalie jinsi kazi ile ilivyopangwa. Tunapenda kusema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na tunadhani zamani mama alikaa na bintiye akamweleza kila kitu. Sivyo. Kwa kawaida mama mzazi hakufundisha mambo haya mwenyewe, kwa sababu aibu iliyopo kati ya mzazi na mtoto ilijulikana na kuheshimiwa. Kazi ilikabidhiwa mtu maalumu: kungwi, bibi, shangazi, na kwa mvulana, mjomba au wazee wa kumbi. Kwa hiyo aibu ya mzazi haikuwa kisingizio cha kuacha kufundisha. Ilikuwa sababu ya kumtafuta mwalimu.

Mambo matatu yalikutana pale. Kulikuwa na maneno, yaani nyimbo, mafumbo na mafunzo ya wazi. Kulikuwa na watu ambao jamii iliwatambua na ambao kijana angeendelea kuwaona maisha yake yote. Na kulikuwa na wakati: mafunzo yalikuja pale mwili ulipoanza kubadilika, wala si miaka kumi baadaye.

Wamisionari na mlango uliofungwa

Walutheri kutoka Ujerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na katika miaka ya 1890 walifungua vituo Kisarawe na Maneromango, ndani kabisa ya Uzaramo. Kama wamisionari wengi wa wakati ule, waliona jando na unyago kuwa giza la kipagani. Waliona matusi katika nyimbo, wakaona ulevi, wakaona matambiko. Mkristo aliyempeleka mtoto wake ngomani alijiweka katika hatari ya kutengwa na Meza ya Bwana. Wazaramo wengi waliingia Uislamu, na jando likaendelea kati yao likiwa na sura ya Kiislamu. Kwa Wakristo mlango ulifungwa, na mahali pake palikuja shule ya misheni na katekisimo.

Lakini wapo waliosita. Kule Kilimanjaro, Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig alifika mwaka 1902 na kufanya kazi, sehemu kubwa Old Moshi, hadi mwaka 1938. Alitumia miaka mingi akiwasikiliza wazee wa Kichaga na kuandika mafundisho waliyowapa vijana wakati wa kuingizwa utu uzima, pamoja na yale yaliyofundishwa kwa kijiti chenye alama za kuchongwa, kila alama ikiwa na somo lake. Mafundisho hayo alichapisha katika vitabu vitatu vikubwa kati ya mwaka 1932 na 1938. Gutmann hakutaka kurudisha mila zote. Alichotaka ni kwamba kijana wa kipaimara asiingie Kanisani akiwa peke yake kama mtu asiye na ukoo wala rika. Kwa hiyo aliwaunganisha vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya kulindana na kusaidiana, kwa mfano wa rika la zamani.

Kusini, Masasi, Waanglikana walikwenda mbali zaidi. Vincent Lucas, ambaye alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, aliamua kwamba badala ya kulipiga vita jando, Kanisa lilibatize. Wavulana Wakristo walikwenda kumbini chini ya uangalizi wa mapadre na walimu wa Kikristo, sala zikachukua nafasi ya matambiko, na mafunzo ya utu uzima yakatolewa humo. Kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa unyago ulikuwa mikononi mwa wanawake, na viongozi wa misheni walikuwa wanaume. Jaribio hilo lilikuwa na kasoro zake na wapinzani wake, lakini lilitambua kwamba ukiondoa mwalimu bila kuweka mwingine, nafasi haibaki wazi.

Sisi wa Pwani hatukupata Gutmann wala Lucas. Tulirithi kipaimara cha darasani: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo na Meza ya Bwana. Ni urithi wa thamani, na hatuna nia ya kuupunguza hata kidogo. Ila mambo ambayo kungwi na mzee wa kumbi waliyasema hayakupata msemaji mpya.

Uhuru, uzazi wa mpango na ukimya wa darasani

Mwaka 1959 ilianzishwa Dar es Salaam huduma ya uzazi wa mpango ambayo baadaye ikajulikana nchi nzima kwa jina la UMATI. Ilianza na wanandoa, si wanafunzi. Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba binadamu si kama mnyama. Apaswa kufikiria kama ataweza kuwatunza watoto anaowazaa, si kuhesabu idadi tu. Kwa kiongozi wa wakati ule, tena Mkatoliki mwenye kushika dini, yalikuwa maneno mazito.

Shuleni, hata hivyo, mambo yalikwenda polepole. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilimtaka mwanafunzi ajue jembe, ushirika na utumishi. Habari za mwili wake alizipata katika somo la Biolojia, na humo pia sura ya uzazi ilirukwa mara nyingi na mwalimu aliyeona haya. Wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea katika usharika watakumbuka: mwalimu alisema mtaisoma wenyewe.

UKIMWI ukavunja ukimya

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera. Miaka michache baadaye mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Kagera ni nchi ya Walutheri wengi, na Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilizika watu wake kwa namna ambayo Kanisa hili halikuwahi kuijua. Nyumba zilibaki na bibi na wajukuu. Ukimya wa darasani uligeuka kuwa hatari ya kufa.

Redio ilitangulia shule. Kuanzia mwaka 1993 Radio Tanzania ilirusha mchezo wa Twende na Wakati, na nchi nzima ikamfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, hadi ugonjwa ulipomkamata. Kuanzia mwaka 1999 jarida la Fema lilianza kuwafikia wanafunzi wa sekondari. Mwishoni mwa mwaka huo huo Rais Benjamin Mkapa aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa. Sera ya taifa ya UKIMWI ilitoka mwaka 2001, na mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa elimu ya UKIMWI na stadi za maisha mashuleni. Hapo ndipo yale tunayoyaita leo elimu ya afya na mahusiano yalipoingia rasmi katika vitabu vya wanafunzi.

Makanisa yaligawanyika. Jirani zetu wa Kenya walimwona Kadinali Maurice Otunga, mwaka 1996 jijini Nairobi, akiongoza uchomaji wa kondomu na vitabu vya elimu ya kujamiiana hadharani, akiungwa mkono na baadhi ya viongozi wa Kiislamu. Miaka sita baadaye, mwezi Mei 2002, katika jiji lile lile, viongozi wa makanisa ya Kilutheri ya Afrika walikutana kuzungumzia UKIMWI na kutoa tamko lililotaka ukimya uvunjwe. Walikiri kwamba makanisa yamechangia aibu na unyanyapaa, na wakaahidi kusema wazi kuhusu kujamiiana. Tofauti kati ya mikutano hiyo miwili ya Nairobi haikuwa juu ya uzito wa dhambi. Ilikuwa juu ya kama kijana atalindwa kwa kufichwa au kwa kuambiwa.

Somo la Mwanza

Ikiwa ukimya unaua, je, darasa linaponya? Jibu la uangalifu zaidi tulilo nalo lilipatikana hapa hapa Tanzania. Mwaka 1998 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na AMREF, Serikali na wenzao wa London, walianza mradi ulioitwa MEMA kwa Vijana katika vijiji vya mkoa wa Mwanza. Walichukua jumuiya 20. Katika kumi, wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa afya ya uzazi na walimu waliopewa mafunzo, wakisaidiwa na wanafunzi wenzao. Na wahudumu wa zahanati walifundishwa kuwapokea vijana kwa upole. Katika kumi nyingine mambo yaliachwa kama yalivyokuwa. Vijana zaidi ya 9,000 walifuatiliwa.

Baada ya miaka mitatu matokeo yalikuwa ya namna mbili. Kwanza, waliofundishwa walijua zaidi, na misimamo waliyoieleza ilikuwa bora. Na tofauti na hofu ya wazazi wengi, elimu ile haikuonekana kuwafanya waanze kujamiiana mapema kuliko wenzao. Pili, vipimo vya damu na hesabu za mimba havikuonyesha tofauti ya maana kati ya pande hizo mbili. Vijana walipopimwa tena mwaka 2007 na 2008, hali ilikuwa ile ile. Walijua, lakini maisha yaliyowazunguka yalikuwa na nguvu kuliko walichokijua: wanaume wazima wenye fedha, umaskini, mila za mahusiano, na wazazi wasiosema kitu nyumbani. Watafiti walihitimisha kwamba somo la shuleni ni la lazima lakini halitoshi, na kwamba jamii ya watu wazima nayo lazima ibadilike.

Somo hili ni kubwa kwa pande zote mbili za kikao chetu cha wazazi. Anayesema kuwa kufundisha kunawaharibu watoto hapati ushahidi Mwanza. Na anayesema kuwa shule imalize kazi yote naye hapati. Shule ilipewa maneno ya kumbi bila watu wa kumbi.

Wanafunzi wa Kimara na sheria za nchi

Tuje sasa nyumbani. Kuanzia mwaka 2004 Serikali ilijenga sekondari za kata kwa kasi kubwa, na mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa. Watoto ambao wazazi wao waliishia darasa la saba sasa wanavaa sare ya sekondari. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini msichana wa miaka 14 anayetoka Kimara, Mbezi au Kibamba kabla jua halijachomoza husimama kituoni akikataliwa na makonda kwa sababu nauli yake ya mwanafunzi ni ndogo, na anayemhurumia mara nyingi ni mwanamume mwenye bodaboda au gari, asiyedai nauli leo. Tunayaona haya kila asubuhi.

Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipata angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Na utafiti wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshazaa au ni wajawazito. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22. Idadi imepungua, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano.

Kwa miaka mingi mzigo wa jambo hili ulibebwa na msichana peke yake. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa dhidi ya maadili, na aliyepata mimba aliondolewa shuleni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Mwaka huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa akabiliwe na kifungo cha miaka 30. Juni 2017 Rais John Magufuli alisisitiza kwamba aliyezaa hatarudi katika shule ya Serikali. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa anaweza kurudi. Katika miaka ishirini hiyo taifa lilibishana sana juu ya binti afanywe nini baada ya mimba. Kuhusu nani azungumze naye kabla, mjadala ulikuwa mdogo.

Je, shuleni anaambiwa nini? Katika mtaala uliotumika tangu mwaka 2005, Uraia wa kidato cha kwanza ulikuwa na stadi za maisha, maisha ya familia, uchumba na ndoa. Biolojia ilikuwa na UKIMWI na magonjwa ya zinaa, lakini sura ya uzazi yenyewe ilikuja kidato cha tatu, wakati wengi wameshafika miaka 16 au 17. Na masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza. Tumewakuta mabinti wanaoweza kutaja kila kiungo cha uzazi kwa Kiingereza cha mtihani, lakini hawana neno la Kiswahili la kumwambia mama yao kwamba siku zao zimechelewa. Maneno ya kumbi yaliyoingia shuleni yameingia kwa lugha ambayo haisemwi nyumbani.

Mwaka 2023 Wizara ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa kukiuka maadili, na mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Wazazi wengi wa Kikristo walifurahi, na wana haki ya kuchunguza kila kitabu anachopewa mtoto wao. Lakini kitabu kikiondolewa kwenye rafu, simu ya mkononi inabaki mfukoni.

Somo lililohamishiwa ukumbini

Watu wa mjini watasema kuwa kungwi bado yupo. Ni kweli, yupo. Tunamkuta kwenye kitchen party. Ukumbi umepambwa, akina mama wamevaa sare ya kitenge, na somo anapewa kipaza sauti amfunde bibi harusi. Husema mambo mengi ya hekima, na akina mama wa sharika zetu hupenda kuhudhuria. Lakini anayefundwa ana miaka 27, ana shahada na kazi, na wakati mwingine ana mtoto. Mdogo wake wa miaka 13, ambaye ndiye mwali kwa hesabu ya zamani, ameachwa nyumbani kwa sababu mambo ya ukumbini ni ya wakubwa.

Na kwa wavulana hakuna hata hilo. Hospitali imechukua tohara, na hivyo ni vyema kwa afya. Inachukua dakika chache, kijana anapewa dawa na tarehe ya kurudi. Wazee wa kumbi hawapo. Mambo waliyokuwa wakiyasema juu ya mwanamume kujizuia, kumheshimu dada wa mwenzake na kulea anachozaa, kijana wa leo huyatafuta kijiweni.

Basi tukiyapanga yale mambo matatu ya kumbi, tutaona yametawanyika. Shule ina maneno, lakini haina watu wa kukaa na kijana hadi utu uzima, na mara nyingi imechelewa. Kitchen party ina watu, lakini imechelewa zaidi. Ni wapi basi ambapo kijana wa miaka 13 au 14, wa kike na wa kiume, hukutana kila wiki, kwa muda wa miaka miwili, na watu wazima wanaomjua kwa jina, waliosimama alipobatizwa, na watakaomwozesha na kumzika? Ni katika darasa la kipaimara. Tuna watu. Tuna wakati. Kinachopungua ni maneno.

Amri ya sita na maneno yake

Hatuhitaji kuyaazima maneno hayo mbali. Mwaka 1528 Martin Luther alitembelea sharika za Saksonia na kusikitishwa na ujinga alioukuta kwa wakulima na hata kwa wachungaji. Mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo, na juu ya kila sehemu yake kuu aliweka wazi kuwa ni mafundisho ambayo mkuu wa nyumba awafundishe watu wa nyumba yake kwa njia rahisi. Alipofika amri ya sita, inayokataza uzinzi, hakuishia kwenye katazo. Alieleza inachodai: usafi wa maneno na matendo, na mume na mke kupendana na kuheshimiana. Ni maelezo ya mahusiano, si ya hofu tu. Tukimtaka kijana aikariri amri hiyo bila kumweleza mwili wake unapitia nini, hedhi ni nini, ndoto za usiku ni nini, mimba inaingiaje, VVU huambukizwaje, na afanye nini mtu mzima anapomshika asipopaswa, tumempa jibu la swali ambalo hatukumruhusu kuliuliza.

Biblia nayo haina haya tulizo nazo. Kitabu cha Mithali, kuanzia sura ya tano hadi ya saba, ni baba anayezungumza na mwanawe juu ya zinaa, waziwazi, akitaja njia, milango na saa za usiku. Katika Kumbukumbu la Torati 6 wazazi wanaagizwa kuwafundisha watoto nyumbani na njiani. Mvulana naye anafundishwa, tena kwanza. Tumezoea kuwaonya wasichana wajilinde. Mithali inaanza na kumwonya mwana.

Uwezo upo katika kila usharika. Katika viti vya Jumapili wameketi wauguzi, wakunga, walimu wa Biolojia, maofisa ustawi wa jamii, na akina mama waliofunda mabibi harusi wengi. Mama huyo somo akikaa Jumamosi mbili na mabinti wa kipaimara, pamoja na muuguzi, atakuwa amerudi kwenye kazi yake ya asili. Wazee wa kanisa wawili watatu wenye ndoa zinazoheshimika wakikaa na wavulana, pamoja na daktari, kumbi litakuwa limerudi bila matambiko na bila kisu kichafu. Yafaa wawe wawili au zaidi daima, mahali pa wazi, na wazazi wajulishwe mapema yatakayosemwa, ili ulinzi wa mtoto uanzie kwetu wenyewe. Na mchungaji anayepewa kipindi cha dini katika sekondari ya jirani, au anayealikwa na wanafunzi wa UKWATA, aweza kuendeleza humo kile mwalimu wa Uraia alichokianza, kwa Kiswahili.

Yeyote aliyewahi kuwapa vijana wa kipaimara vikaratasi waandike maswali bila majina anajua kwamba hawasubiri kufunguliwa macho. Wanauliza kama msichana anaweza kupata mimba mara ya kwanza. Wanauliza kama Mungu husamehe jambo ambalo hukuchagua kutendewa. Swali hilo la pili halimo katika mtaala wa wizara yoyote, na mwalimu wa shule hawezi kulijibu lote. Sisi tunaweza, kwa sababu tumetumwa na Yeye aliyetwaa mwili wa binadamu bila kuuonea haya.

Kwa hiyo, wapendwa wazazi, tunapokutana tena katika kikao cha kipaimara tusiulize tu shule inafundisha nini. Tuulize sisi tumemteua nani, na ataanza Jumamosi ipi.